UZI: Mapendekezo ya mada za Django kwa makongamano – leteni rasimu tuzichambue

#1 fundi_wa_kurasa (Nairobi)

Wadau, kila msimu wa wito wa mapendekezo ukifika maswali ni yale yale: niandike nini, na kamati inataka nini? Nimefungua uzi huu ili majibu yakae mahali pamoja. Nazungumzia Django kwa kuwa ndiyo wengi wetu hapa Nairobi tunaitumia kazini, ila mengi yatamfaa hata mtu wa Laravel au Rails.

Tuanze na jinsi kamati inavyosoma. Mkaguzi ana rundo la mapendekezo na kila moja hupata dakika chache tu. Anataka kujua tatizo ni lipi, mada inamfaa nani, na huyo msikilizaji akitoka ukumbini ataweza kufanya nini ambacho asubuhi hakukiweza. Pendekezo linaloanza na "Django ni fremuweki ya wavuti iliyoandikwa kwa Python" limeshapoteza mistari miwili. Mtu aliyelipa nauli kwenda DjangoCon, kongamano la Django, anajua kwamba Django ilizaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World kule Kansas na ikatolewa hadharani Julai 2005. Historia hiyo haimsaidii mkaguzi kukuchagua wewe.

Kosa linalofuata ni upana. "Usalama katika Django" ni kozi ya wiki nzima. "Ukiweka @csrf_exempt kwenye anwani ya kupokelea malipo, ni kinga gani ichukue nafasi yake?" (alama hiyo huzima kinga ya Django dhidi ya maombi ya kughushi) hiyo ni mada ya dakika 25, na mkaguzi anaiona ikiwa na mwanzo na mwisho.

Na kuna mahali wengi wetu tunajipunja. Tunaandika mada kuhusu mambo tuliyosoma kwenye nyaraka, tunaacha yale tunayoyashika kila siku: malipo ya simu ambayo matokeo yake huletwa na seva nyingine baada ya mteja kuweka PIN, fomu zinazokatika katikati kwa sababu mtandao umeyumba, mfumo unaobadilishwa mchana kweupe huku wateja wakiendelea kununua. Wanaotumia Django kwingineko wanayahitaji haya, na wachache wameyashika kwa kina kama nyinyi. Leteni hayo.

Fomu nyingi hujazwa kwa Kiingereza. Hata hivyo andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Sentensi usiyoweza kuisema kwa lugha yako, bado hujaijua.

#2 nuru_ya_Rongai

Asante kwa uzi. Naweka rasimu yangu, ichambueni bila huruma:

*"Kuunganisha M-Pesa na Django. Katika mada hii nitaeleza Daraja ni nini, jinsi ya kupata funguo, jinsi ya kutuma STK Push, na mbinu bora za kupokea malipo. Mada inafaa wote."*

Muda ni dakika 25.

#3 fundi_wa_kurasa

Dada Nuru, kiini unacho ila umekifunika. Kupata funguo na kutuma STK Push (ombi la malipo linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN) yote yako kwenye nyaraka za Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa; mtu atayasoma mwenyewe kwa nusu saa. Nayo "mbinu bora" haisemi kitu: mbinu ipi, dhidi ya hitilafu ipi? "Inafaa wote" mkaguzi huisoma kama "sijui inamfaa nani".

Sehemu ngumu ya kazi hii iko baada ya ombi kutumwa. Ukituma STK Push unajibiwa papo hapo na ResponseCode 0 pamoja na CheckoutRequestID. Hiyo 0 maana yake ombi limepokelewa tu. Mteja bado hata hajaombwa PIN. Mifumo mingi hukosea hapo hapo, ikaandika "imelipwa". Matokeo halisi huja baadaye kwenye CallBackURL yako (anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi), ndani ya Body, kisha stkCallback, kisha ResultCode. Ikiwa 0, amelipa. Ikiwa 1032, ameghairi. Na angalia hili: malipo yasipofanikiwa, sehemu ya CallbackMetadata haiji kabisa. Programu inayokimbilia kusoma MpesaReceiptNumber kabla ya kuangalia ResultCode itaanguka na KeyError, oda ya mteja aliyeghairi ibaki "inasubiri" milele.

Slaidi yako ya kwanza ni hiyo: JSON mbili (yaani taarifa zenyewe zilivyofika) kando kwa kando, ya aliyelipa na ya aliyeghairi.

#4 kufuli_na_ufunguo (Mombasa)

Naongezea hapo, maana hapa ndipo pana utamu. Taarifa ya matokeo inaweza kufika mara mbili, na huwezi kujenga mfumo ukitegemea kwamba itafika mara moja tu. Wengi huandika hivi: soma oda, ikiwa haijalipwa, weka imelipwa, toa huduma. Michakato miwili ikisoma kwa wakati mmoja, yote miwili huiona haijalipwa. Mteja wa vocha za umeme anapata tokeni mbili kwa malipo ya moja.

Tiba ziko mbili na mada nzuri itazionyesha zote:

Ya kwanza ni `select_for_update()`, inayofunga rekodi unayoisoma, ndani ya `transaction.atomic()`, yaani tranzaksheni: kazi za hifadhidata zinazokubalika zote au kubatilishwa zote. Mchakato wa pili husubiri kufuli hadi wa kwanza umalize, kisha hukuta oda imeshalipwa na kuacha. Ukiisahau `atomic()`, Django inakurushia TransactionManagementError. Lakini ndani ya TestCase, darasa la kawaida la majaribio la Django, hutaliona kosa hilo, kwa sababu TestCase yenyewe hufunga kila jaribio ndani ya tranzaksheni. Majaribio yanapita, seva ya kweli inaanguka. Wasikilizaji watanyamaza kidogo ukiwaonyesha hilo.

Ya pili ni UniqueConstraint (sharti kwamba thamani isijirudie) kwenye namba ya risiti, kisha unadaka IntegrityError, kosa linalotokea sharti likivunjwa. Hapa pana mtego. Ukiidaka ndani ya `atomic()` ile ile, kwenye PostgreSQL tranzaksheni yote imeshavunjika, na swali lolote linalofuata kwa hifadhidata linakataliwa. Inabidi ule uandishi wenye hatari uwe ndani ya `atomic()` yake mwenyewe, ya ndani, ili kibatilishwe kile kipande tu.

Dada Nuru, usionyeshe haya kwa SQLite. Kule `select_for_update()` haifanyi chochote na haikwambii kitu. Utasimama mbele ya watu ukisifia kufuli ambalo halipo. Tumia PostgreSQL.

#5 nuru_ya_Rongai

Nimeelewa. Swali: kutuma SMS ya shukrani na kutoa huduma niviweke wapi kwenye simulizi hii? Nikiviingiza naona mada inakuwa kubwa.

#6 kufuli_na_ufunguo

Weka kimoja tu, `transaction.on_commit()`, na ukipe dakika tatu. Sababu ni hii: ukiikabidhi kazi kwa Celery (programu inayoendesha kazi kando ya seva) ukiwa bado ndani ya tranzaksheni, mfanyakazi wa Celery anaweza kuianza kabla tranzaksheni haijathibitishwa. Anaitafuta oda, anaikuta katika hali ya zamani. Mbaya zaidi, tranzaksheni ikirudishwa nyuma, SMS imeshatoka na huwezi kuirudisha. `on_commit` huisubirisha kazi hadi data iwe imekaa.

Kwenye TestCase kazi hizo haziendeshwi kwa kawaida. Tumia `captureOnCommitCallbacks(execute=True)`, ipo tangu toleo la 3.2.

Foleni, kurudia kazi iliyoshindikana, ufuatiliaji, vyote hivyo viache nje. Hiyo ni mada nyingine ya mwaka mwingine.

#7 mlima_meru (Arusha)

Wakuu, nimewasoma toka huku. Niongeze la ATOMIC_REQUESTS, mpangilio unaofunga kila view (msimbo unaopokea ombi na kulijibu) ndani ya tranzaksheni, kwa kuwa wengi huiwasha halafu wakaisahau. Ikiwa imewashwa, ukatuma STK Push ndani ya view na kuhifadhi CheckoutRequestID hapo hapo, rekodi hiyo haionekani kwa mchakato mwingine hadi view imalize. Matokeo ya haraka yakifika kabla, kwa mfano ombi limekataliwa upesi, view ya kupokea haikuti rekodi, inarudisha 404, na taarifa imepotea. Juu ya hayo, umeshikilia muunganisho wa hifadhidata muda wote unaosubiri seva ya nje ijibu.

Suluhisho linalosimulika vizuri: view ya kupokea ihifadhi JSON nzima ilivyo kwenye jedwali lake, ijibu 200, basi. Kuilinganisha na oda ni hatua ya pili. Rekodi isipokutwa sasa hivi, itakutwa baada ya sekunde chache, na hakuna kilichopotea.

Vilevile usiiamini taarifa kwa sababu tu imefika. Anwani ile iko wazi, yeyote anaweza kuipelekea JSON ya uongo. Linganisha Amount na ya oda, halafu uliza hali ya malipo kwa CheckoutRequestID kupitia ulizo la STK kabla ya kutoa kitu cha thamani. Hapo ndipo lile swali la csrf_exempt la mfungua uzi linajibika.

#8 fundi_wa_kurasa

Mkuu wa Arusha, hiyo ya kuhifadhi kwanza ni uti wa mgongo wa mada nzima. Dada Nuru, ona sasa ulivyo na mada, na hujagusa bado "Daraja ni nini".

Gawa dakika 25 hivi, na uandike mgawanyo huu kwenye pendekezo: 3 za JSON mbili na kosa la ResponseCode; 5 za kuhifadhi kwanza, kushughulikia baadaye; 8 za taarifa mbili kwa pamoja na tiba zake; 3 za `on_commit`; 3 za taarifa za uongo. Zinabaki 3, na usizijaze. Kuna makongamano ambayo maswali yamo ndani ya muda wako na mengine hayana maswali jukwaani kabisa; soma maelezo ya wito.

Mgawanyo wa dakika ndio unaomthibitishia mkaguzi kwamba mada itaingia kwenye muda. Pendekezo lisilo nao humwacha akikisia.

#9 safuwima_mpya

Mimi niko kwenye migresheni, yaani kubadilisha muundo wa hifadhidata. Nilikuwa na mada ya dakika 45, "Migresheni bila kuzima mfumo", ila nikisoma hapa naona nami ni mpana. Nina kufuli za jedwali, faharasa, kujaza data ya zamani, kubadilisha majina ya safuwima, kufuta safuwima.

#10 kufuli_na_ufunguo

Chukua moja uichimbe hadi chini. Ningekuwa mkaguzi ningechagua hii:

Unaongeza `kaunti = CharField(max_length=40, default="Nairobi")`. Inaonekana salama kabisa, chaguo-msingi lipo. Sasa endesha `python manage.py sqlmigrate` uone SQL yenyewe. Django inaongeza safuwima ikiwa na DEFAULT na NOT NULL, kisha mstari unaofuata inaiondoa ile DEFAULT. Chaguo-msingi linaishi kwenye Python, si kwenye hifadhidata. Zile seva ambazo bado zinaendesha programu ya zamani hazijui kuna `kaunti`, kwa hiyo zinaingiza rekodi bila hiyo, na PostgreSQL inakataa: thamani tupu haikubaliki. Kwa dakika chache kati ya migresheni na programu mpya kuwaka kote, kila usajili mpya unashindikana. Kwenye kompyuta yako hutaliona tatizo hili kamwe, kwa sababu huko programu ni moja tu.

Toleo la 5.0 la Desemba 2023 lilileta `db_default`, ambayo hubaki ndani ya hifadhidata. Mada inajipanga yenyewe: kosa, SQL, njia ya zamani ya hatua tatu (ruhusu tupu, jaza, kisha kataza tupu), halafu `db_default`. Dakika 25 zinatosha, na kila aliyeko ukumbini atarudi kazini kuendesha sqlmigrate.

#11 safuwima_mpya

Na faharasa? Nilitaka kumalizia na AddIndexConcurrently, inayojenga faharasa bila kuzuia uandishi kwenye jedwali.

#12 kufuli_na_ufunguo

Iache, ndugu. Itakudai ueleze `atomic = False`, na ueleze kwamba ikikatika njiani inaacha faharasa batili ambayo lazima uifute kwa mkono kabla ya kujaribu tena. Ni dakika kumi nyingine. Itume kama pendekezo la pili. Hakuna ubaya kutuma mawili au matatu wito ukiruhusu, mradi kila moja lisimame peke yake. Kamati inayokupenda ila tayari ina mada mbili za malipo itafurahi kukuta una ya migresheni.

#13 mwanzo_mgumu

Samahani, mnazungumza na walioiva. Sisi wenye mwaka mmoja kwenye Django hatuna nafasi?

#14 mlima_meru

Mnayo, na kubwa. Makongamano haya huhitaji mada za wanaoanza, na aliyeelewa jambo juzi mara nyingi hulieleza vizuri kuliko aliyelizoea. Ila nawe uwe mahususi. "Utangulizi wa Django" hapana. "Ukurasa mmoja, maswali 101": orodha ya wanafunzi 100 na jina la shule ya kila mmoja; swali moja kwa hifadhidata la orodha, halafu moja kwa kila mwanafunzi kutafuta shule yake. Onyesha hesabu, weka `select_related("shule")`, inayoleta shule pamoja na wanafunzi, onyesha limebaki moja. Halafu eleza kwa nini haifai kwa uhusiano wa wengi kwa wengi, na kwamba `prefetch_related` huuliza swali la pili kisha huunganisha ndani ya Python. Malizia na `assertNumQueries` ili kosa lisirudi. Mada kamili hiyo.

Na usidharau mada fupi za dakika 5. Mara nyingi hujiandikisha hapo hapo kongamanoni, bila kamati.

Jambo la kuepuka kwa wote: "Mapya katika toleo fulani". Django hutoa toleo kila baada ya miezi minane hivi. Kutoka kutuma pendekezo hadi kupanda jukwaani, toleo lingine linaweza kuwa limetoka.

#15 karani_wa_fomu

Ngoja niseme ya fomu, maana watu wazuri hupotea hapa. Makongamano mengi ya Django hutumia pretalx, mfumo wa kupokea mapendekezo (nao imeandikwa kwa Django, programu huria, mwenye hamu afungue msimbo wake aone). Kwa kawaida ina sehemu tatu: muhtasari, maelezo, na dokezo kwa waandaaji. Mada ikikubaliwa, muhtasari na maelezo huchapishwa kwenye ratiba kila mtu asome. Dokezo halichapishwi. Mgawanyo wa dakika, kiungo cha mfano wa msimbo, na jambo lolote unalotaka kamati pekee ilijue, viweke kwenye dokezo au pale fomu inapoelekeza.

Kongamano likitangaza kwamba raundi ya kwanza wakaguzi hawaoni majina, jiondoe kwenye maandishi. Usitaje kampuni yako, kitabu chako, wala "kama nilivyosema mwaka jana". Sema "kwenye mfumo wa tikiti za mabasi" badala ya jina la mfumo.

Saa ya mwisho nayo huchanganya. Wito ukisema mwisho ni 23:59 "popote duniani", saa hiyo ni ya UTC-12. Sisi tuko UTC+3. Kwa hiyo Nairobi ni saa nane na dakika 59 mchana wa siku inayofuata. Lakini ukisema UTC tu, ni saa nane na dakika 59 usiku. Tofauti ya saa 12, na zote zinaitwa saa nane kwa Kiswahili, kwa hiyo andika "mchana" au "usiku" kwenye kalenda yako.

#16 nuru_ya_Rongai

Na gharama? Kongamano la Ulaya nitalifikaje?

#17 karani_wa_fomu

Fomu ya msaada wa nauli mara nyingi ni tofauti na ya pendekezo, na tarehe yake ya mwisho ni tofauti. Zijaze zote mbili, usingoje kukubaliwa ndipo uombe. Weka makadirio halisi: tiketi, malazi kwa idadi ya usiku, viza, bima ya safari. Anayeandika "kiasi chochote" humpa mwandaaji kazi ya kukisia.

Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kusogezwa hadi 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kinachochelewesha ni nafasi ya miadi, kwa hiyo siku ile ile ya kukubaliwa omba barua ya mwaliko. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ziwepo, na barua iseme wazi nani analipia nini.

Halafu tusisahau nyumbani. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, iliyofuata Arusha Agosti 2025. Arusha ni safari ya basi kupitia Namanga, na Mkenya haombi viza kuingia Tanzania. PyCon Kenya nayo iko hapa hapa.

#18 projekta_na_kebo

Kwa Dada Nuru, kuhusu onyesho. Usitegemee mazingira ya majaribio ya Daraja wala mtandao wa ukumbi. Hifadhi ile JSON kwenye faili, kisha uitume kwa curl kwenda kwenye seva iliyo ndani ya kompyuta yako. Ili zigongane kweli, tuma mbili sambamba kwa `xargs -P 2`. `Runserver` hushughulikia maombi kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo inatosha. Ndani ya view isiyo na kufuli weka `time.sleep(1)` kati ya kusoma na kuandika, ndipo mgongano utokee kila mara badala ya kutokea kwa bahati. Waambie watu kwamba umeiweka na kwa nini.

Rekodi video ya onyesho zima uwe nayo kwenye diski. Msimbo kwenye slaidi usizidi mistari 12, herufi kubwa, mandhari meupe, maana kumbi nyingi taa haziwi za kuzimika.

#19 nuru_ya_Rongai

Rasimu mpya:

*"Risiti moja, tokeni mbili: kupokea matokeo ya malipo ya simu kwa Django. Malipo ya simu huthibitishwa na seva nyingine, baadaye, na pengine zaidi ya mara moja. Tutaona mfumo wa Django ukitoa huduma mara mbili kwa malipo mamoja, kisha tutaurekebisha: kuhifadhi taarifa kabla ya kuishughulikia, `select_for_update` dhidi ya UniqueConstraint, na `on_commit`. Utaondoka na majaribio unayoweza kuyaendesha kwenye mfumo wako. Inamfaa anayejua modeli na view za Django. Si lazima awe ameshika mfumo wa malipo."*

Dokezo: mgawanyo wa dakika wa #8, na kwamba onyesho halihitaji mtandao.

#20 kufuli_na_ufunguo

Hii ningeipitisha. Mawili tu: taja PostgreSQL ndani ya muhtasari, na useme majaribio hayo ni ya TransactionTestCase, isiyofunga jaribio ndani ya tranzaksheni. Aliyezoea TestCase atajua mara moja kwamba unajua unachokisema.

#21 nuru_ya_Rongai

Nimeongeza yote mawili, pamoja na toleo, Django 5.2. Naituma leo usiku.